Bei ya Meno Manne

Dukani Bovec, mvua ikichuruzika viooni,
Jerneja anajaribu helmeti ya tatu.
Ya kwanza ilimbana mashavu
kama shangazi anayebusu kwa nguvu.
Ya pili ilipwaya: alipogeuza shingo,
yenyewe ilibaki ikitazama mlima.

Mimi nachonga meno ya bandia, ndiyo riziki yangu.
Waendesha baiskeli wa bonde hili nawajua
kwa nyayo za meno yao kwenye plasta.
Matevž: magego mawili, jiwe la kijitoni.
Polonca, aliyesema kofia ya kawaida yatosha,
leo hatamki jina la mumewe bila kupiga mluzi.

Muuzaji anasifu matundu ya hewa, wepesi,
kinga ya kidevu inayochomolewa wakati wa kupanda.
"Na isipochomolewa," nauliza, "haitachomoka yenyewe?"
Anacheka.
Naipiga ngumi. Inakaa.

"Baba, nanusa pumzi yangu mwenyewe,"
sauti yake kama ya mtu aliye chumba cha pili.
Napitisha kidole chini ya ukanda:
kimoja, cha pili kinagoma.
Piga miayo, namwambia.
Anapiga; helmeti inashuka, inamkamata utosini.
Hiyo hiyo.

Kwa hesabu ya karakana yangu, ni bei ya meno manne.
Nalipa bila kuomba punguzo.

Nje mvua imekatika. Anaivua, anacheka meno yote,
na lile la mbele limempanda mwenzake kidogo,
kosa alilorithi kwa mama yake,
ambalo sitaki
siku yoyote niombwe kulichonga.