Pumzi kwenye Mkia

Mkia tuliuchonga kwa msonobari,
urefu mkono mmoja na kiganja,
tukaupaka rangi nyeusi ya ubao wa shule.
Karakana iko nyuma ya uwanja wa Wilson;
ndege za miraa zikinguruma
chai inatetemeka kikombeni.

Kazi yangu mimi ni nyuzi.
Nyuzi za sufu, nyekundu, mia na arobaini,
nazibandika moja moja kwa gundi na kibanio.
Kwamboka anawasha feni,
zote zinalala, nywele zilizochanwa.

"Kata usukani."
Digrii kumi, zatii.
Ishirini, zatii shingo upande.
Thelathini, na zile za nyuma zapandwa na wazimu,
zinageukia zilikotoka.
Hapo hewa imeuacha mkia.
Hawakugombana. Imeambaa ubao
mpaka nguvu zikaisha, ikabanduka.

"Ndiyo maana mikia ni mikubwa," asema,
macho kwenye mizani.
"Siku injini moja itakapokufa ndege ikipaa,
na hewa ya Nairobi ilivyo uji mwepesi,
utahitajika wote.
Siku nyingine ni mzigo tu:
unapelekwa Lodwar, unarudishwa, unakula mafuta."

Nikaifikiria sufuria yetu ya matanga,
pana kuliko mlango,
tunayohama nayo kila nyumba tunayopanga.

Ndolo wa Gikomba alitutobolea matundu sita
mbele ya bawaba ya usukani,
membamba, sindano ya cherehani haipiti.
Ndani ya kila tundu kuna kijumba kilichopinda
na pumzi ikitoka humo inayumba yenyewe,
kushoto, kulia,
mtu anayekataa kwa kichwa.

Mara ya kwanza mpira wa kompresa ulichomoka,
ukampiga Ndolo goti.
Mara ya pili stima ikapotea Lang'ata nzima.
Ya tatu, saa moja jioni,
digrii thelathini,
Kwamboka akafungua vali kidogo, nusu ya nusu,
na nyuzi zangu zikalala.

Mizani ikapanda. Hakupiga kelele.
Alifunga: wazimu. Akafungua: usingizi.
Akafunga. Akafungua.
Mara kumi na moja, nilihesabu,
kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.
"Tukate urefu," akasema mwishowe,
akachora mstari wa chaki juu ya mkia,
vidole viwili kutoka ncha.

Nilifika Kayole usiku.
Sufuria ilikuwa palepale, mdomo chini,
vumbi la miaka mgongoni.
Nikainama,
nikaipuliza.