Chungu

Nilikuwa nikiung'oa mkarela uliokwisha kuzaa,
barazani, ghorofa ya tatu, kimbunga cha nne cha mwaka kikiwa njiani,
ndipo Honami akasema: Mama, mnyoo huu una ulimi.

Na kweli. Mweusi wa kung'aa,
mwembamba kama kamba ya kiatu cha shule,
macho yake nukta mbili chini ya ngozi,
kana kwamba aliyemchora alianza jicho, akaghairi.
Ncha ya mkia ilinidunga kidogo, mwiba wa kuigiza,
kisha akatafuta giza katikati ya vidole vyangu
kama mtu aliyechelewa kurudi kwake.

Jirani yetu, Bi Kamado, alikuja na koleo.
Okinawa kuna habu, na habu hana mzaha:
mumewe alipoteza kidole cha mguu kwenye miwa
kabla mimi sijazaliwa,
na hadi leo anakitaja kidole kile kama marehemu.
"Mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema, koleo juu.
Honami akakikumbatia chungu.
Koleo likashuka polepole, likageuka mkongojo.

Basi tukawa na mfugo.
Kufuga mbwa ni kusubiriwa mlangoni,
kufuga paka ni kudharauliwa ndani ya nyumba yako.
Kufuga huyu ni kumwagilia udongo na kuamini.
Siku kumi na mbili hatumwoni.
Ya kumi na tatu mvua inafurika, anatoa pua,
anaonja hewa, anashuka tena,
mpangaji aliyepanda kulalamikia bomba
akakuta ofisi imefungwa.

Chakula chake ni mayai ya chungu, wale wadudu.
Binti yangu huwawinda nyuma ya hoteli ninakofua mashuka,
anachota donge la udongo kwa kopo la majani ya chai,
anaumwa, analia kidogo, anaendelea.
Chungu ndani ya chungu kilichozaa tunda chungu.

Mwezi wa nne shule ilileta fomu.
Jina la mama: nikajaza.
Jina la baba:
mwaka juzi niliandika "mbali",
mwaka jana nikapiga mstari.
Mwaka huu niliiweka juu ya friji, nikaikandamiza kwa kopo la chumvi.

Kisha msimu wa mvua, tukabadilisha udongo,
na katikati ya mizizi kukawa na vitu vitatu vyeupe,
punje za mchele zilizorefuka.
Nikadhani mbolea.
Honami akaenda kwa mwalimu Yonamine, wa sayansi,
akarudi mbio, viatu mkononi:
Hawana madume, Mama! Popote duniani!
Wote ni mama!

Mficha uchi hazai, walisema wahenga.
Huyu amejificha umri wake wote, hata jua halimjui,
na kazaa.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Nikaikumbuka hospitali ya Nago, uchungu wa saa kumi na tisa,
mkono wa muuguzi ambaye sikumuuliza jina,
na kando ya kitanda kile kiti cha wageni
kilichokaliwa na koti langu mwenyewe.
Hayo sikuyasema. Nilisema:
rudisha udongo taratibu, mayai usiyageuze.

Usiku nikakuta karatasi imebandikwa chunguni kwa utepe,
penseli, maswali yaleyale ya shule.
Jina: bado tunafikiria.
Mama: yumo humu.
Mstari wa tatu alikuwa ameuandika, kisha akaufuta kwa kifutio,
kwa bidii, mpaka karatasi ikawa nyembamba pale,
taa ya barazani ikapenya.

Bi Kamado akipita huuliza kama nyoka bado yupo.
Hatujui, namjibu.
Tunamwagilia.