Kituo

Aya, niliandika ubaoni, ni chumba.
Ina mlango mmoja: sentensi ya kuingilia.
Ndani weka utakacho, mradi kiwe cha chumba hicho;
usilete ndoo ya zizini sebuleni.
Ukimaliza, toka, funga. Ruka mstari. Jenga kingine.

Kumi na mmoja walinakili.
Vidole vyeusi kwa maganda ya jozi,
maana Oktoba hapa Imereti hakuna mtoto asiyebangua,
na kila daftari lina alama ya dole gumba
kama hati ya mkopo.

Barua, nikaendelea, ina adabu zake.
Anwani yako juu kulia, tarehe chini yake,
ya mwandikiwa kushoto,
kisha "Mheshimiwa".
Tekle akainua mkono: Hata kama simheshimu?
Huo si uongo, Mwalimu?
Nikamwambia ni kupiga hodi.
Hodi haimsifu mwenye nyumba.

Kazi ya nyumbani: barua kwa Meneja wa Reli.
Tangu Machi treni ya asubuhi haisimami kwetu.
Inapita saa moja kasoro dakika nne,
inapiga honi darajani,
tunaona nyuso, glasi za chai, mtu anapiga miayo,
basi.
Wanaokwenda hospitali hupanda lori la maziwa.

Wakaleta Ijumaa.
Lamara, aya tatu, zimenyooka kama shuka za pasi;
sikuamini hata moja.
Zurabi aliomba treni, na kiwanja cha mpira,
na kocha, ikiwezekana.
Tekle aliandika "Mheshimiwa", akafuta, akaandika, akafuta,
karatasi ikatoboka mahali pa heshima.

Na Gocha, ambaye hata kuitikia jina lake huona tabu,
kurasa mbili, aya moja, sentensi moja:

*babu yangu ndiye aliyekuwa akipunga bendera pale na sasa bendera iko nyuma ya mlango na yeye bado anaamka saa kumi na moja anavaa kofia anaenda anakaa kwenye benchi na treni ikija anasimama na treni haisimami na yeye anasimama mpaka behewa la mwisho lipite halafu anarudi na sisi tunakula na hatuongei na kesho yake tena na*

Kalamu yangu nyekundu haikungoja.
Pembeni: Kituo kiko wapi?
Chini kidogo: Kituo?
Tena: Kituo!
Mara tisa. Nikampa nne kwa kumi.

Jumatatu aliirudisha mezani kwangu.
Chini ya swali la kwanza, kwa penseli,
bila ujeuri, kama mtu anayejibu mtihani:
Walikifunga, Mwalimu. Machi.

Miaka ishirini na miwili nimefundisha
kwamba kituo huwekwa ili msomaji apumue.
Kengele ililia. Nilibaki na kofia ya kalamu mdomoni.

Tulikaa naye baada ya vipindi.
Sikumwambia barua yake ni nzuri; angeikunja.
Nilimwambia: watu wa ofisini husoma wakitazama saa,
wasaidie.
Mikato alikubali.
Aya alikubali: moja ya kuamka,
moja ya benchi,
moja ya chakula kisichosemewa neno.
Kuhusu vituo tulibishana mpaka taa zikawashwa.
Mwishowe akaweka kimoja tu, mwisho kabisa,
baada ya jina la kijiji,
akakikandamiza hata upande wa pili wa karatasi
kikawa kinundu.
Ukipapasa, unakihisi.

Nilizitia zote kumi na moja katika bahasha moja,
hata ile yenye tundu.
Stempu nililipa mimi.

Jibu halijaja.
Muhtasari wa somo unasema wiki hii
tufundishe barua za shukrani.
Nimeandika kichwa ubaoni, nimegeuka,
na Tekle ameshainua mkono.