Egemeo la Pili

Saa nne usiku, Masasi. Umeme umerudi
na kompyuta inaniuliza kama nihifadhi
kazi nisiyokumbuka nilikuwa nimeifikisha wapi.
Ndiyo. Hifadhi.
Dirishani mlima wa mawe umekaa gizani
kama mtu aliyegoma kuhamishwa.

Programu hii inajua barabara.
Ipe mstari wa kati, itaukimbilia,
itachonga kilima, itajaza bonde,
itahesabu udongo hadi ndoo ya mwisho.
Mto haiujui.
Tulipofika Nang'omwa, kilomita kumi na mbili na mita mia nne,
ilimwaga tuta ng'ambo hadi ng'ambo,
la kijani, laini, halina haya,
ikaandika chini yake: hakuna kosa.

Basi naidanganya.
Naiambia barabara imekufa hapa. Naikata.
Kisha nafinyanga ukuta kwa mkono, nukta kwa nukta:
kisigino, kidole, kifua,
mabega ya kupokea mihimili,
mbawa mbili za kuzuia udongo usiporomoke.
Mwili mzima, barabara imeulalia mgongoni
na uso umeelekea majini.
Kwenye michoro tunaliita egemeo.
Mafundi wa Mangaka wanaliita mkwe,
maana limesimama kati ya koo mbili
na kila upande unalisukuma.

La kwanza lilikubali kabla ya chai.
La pili lina maneno.
Mto unapita mshazari, nyuzi ishirini na tatu,
na ng'ambo ile ni shamba la Bi. Somoe Nalyoto.
Mguu wa tuta umekanyaga mikorosho miwili.
Kwenye skrini mikorosho ni viduara.
Ukikigusa kiduara kinasema: mti, kipenyo sentimita sitini.
Hakisemi ni mwaka gani ulimlipia nani ada.

Simu. Ni Mchopa, mpimaji, yuko hukohuko kijijini.
"Umelala?"
"Naumwa mgongo. Sema."
"Kuna gunia."
"Gunia gani?"
"La korosho, tupu, limenasa tawini tangu mafuriko.
Bibi hataki mtu alitoe. Anasema hiyo ndiyo alama yake,
ninyi mna zenu za rangi nyekundu.
Nimelipima jioni, kwa kumridhisha tu.
Liko mita moja na nusu juu ya maji yako."

Maji yangu.
Niliyatoa kwenye jedwali, mvua ya miaka hamsini,
mstari wa buluu ulionyooka
kama umechorwa na mtu mwenye viatu vikavu.
Na ulichorwa na mtu mwenye viatu vikavu.
Viko hapa, chini ya meza.

Napandisha.
Egemeo linarefuka, tuta linainuka nyuma yake,
na tuta likiinuka mguu unatembea:
viduara vitatu sasa.
Gunia limesema kweli,
na ukweli wake umemla mwenyewe mti wa tatu.

Nageuza ubawa. Naulaza sambamba na barabara,
naurefusha, naongeza zege
ambalo mhasibu atalizungushia kalamu
na kuandika pembeni: la nini?
Mguu unarudi nyuma. Kiduara kimoja kimetoka.
Najaribu tena, nusu mita, robo mita,
mpaka programu inachoka na kuganda
na mimi nabaki nimeshika kipanya kama jiwe la kurusha.
Cha pili kimetoka.
Cha tatu, hapana. Nimekizunguka kila upande.
Kipo pale panapopaswa kuwa na kisigino.

Jina la faili? inauliza.
Naandika: gunia.

Kesho nitapanda pikipiki hadi Nang'omwa
kumwambia Bi. Somoe kwamba alama yake imepokelewa
na kwamba kuna mkorosho mmoja.
Sijui nitaanza na lipi.