Lita Ishirini na Moja

Jina langu Nyevu. Basi hapa Mishomoroni
mzaha hauishi tangu tuanze kumwaga:
"Nyevu mwenye maji, na maji kayafungia!"
Sikatai.
Nina pipa dogo la buluu, lilikuja na sabuni,
na ubavuni nimelichora kwa msumari wa inchi nne
mstari mmoja: lita ishirini na tano.
Sikukisia. Nilitia kwa chupa ya lita, moja, moja,
nikihesabu kwa sauti hadi jirani akachungulia dirishani
akidhani namfundisha mtoto hesabu.

Mfuko mmoja wa simiti, mstari mmoja wa maji.
Hivyo ndivyo tulivyoagana na fundi Mwaringa.

Lakini usiku mvua ilipiga mabati,
na asubuhi nikaufinya mchanga kiganjani:
ukashikana, ukabaki na alama za vidole vyangu
kama kaimati kabla ya mafuta.
Mchanga ulikuwa umeshakunywa kabla yetu.
Nikauchukua msumari tena,
nikachora mstari wa pili, chini ya ule wa kwanza.
Ishirini na moja.
Zile nne zimo mchangani, zimejificha,
na anayezisahau atazilipa.

Vijana wa wilbaro wakaanza:
"Zege gumu, dada. Halitambai."
"Ongeza kikombe."
"Kikombe tu, kwani ni maji ya mamako?"
Si ya mama. Ni ya Chizi wa mkokoteni,
shilingi thelathini mtungi,
maana kisima cha uani kina chumvi,
na chumvi na nondo hawalali nyumba moja.
Lakini si bei inayonishika mkono.

Mama alikuwa na ngazi kule Kisauni,
vidato saba, fundi mpole,
zege laini kama uji wa mgonjwa,
lilimiminika lenyewe, hata mwiko haukuchoka.
Maji yale yalikauka yakaenda zao,
yakaacha vijumba vyao humo ndani, vidogo, vitupu.
Mwaka wa tatu kidato cha nne kilimeguka
chini ya mguu wa mama na sufuria ya mbaazi.
Mguu uliunga. Haukuunga vizuri.
Hadi leo nikimsikia akitembea
nazisikia zile lita za ziada.

Saa saba, jua utosini, nikaenda kunawa uso.
Kurudi, zege ndani ya mashine linameta,
kokoto zimezama, juu maji matupu yanacheza.
Kitwana anaangalia viatu vyake.
Nikazima mashine.
"Zege halilali, Nyevu!" wakapiga kelele.
"Kikombe?" nikamuuliza.
"Ndoo," akasema. Kisha: "Nusu. Nusu ndoo."

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwahi kushika sepetu:
yakishaingia, pia, hayatoki.

Mwaringa akaja, akatia mwiko, ukazama hadi kwenye mti.
Hakupandisha sauti.
"Hilo likazibe mashimo ya kichochoroni.
Na huo mfuko ukatwe kwenye ujira wa Kitwana."
Nikasema nusu ikatwe kwangu,
pipa nililiacha peke yake.
Sijui kwa nini nilisema. Mdomo ulitangulia.

Mwadhini wa magharibi alitukuta tunasawazisha pembe ya mwisho.
Tulilichomachoma kwa nondo, tuliligonga, tulililaani,
nalo likakaa, gumu, la kijivu, mkono haukuacha dimbwi.

Sasa kesho njoo umwone mchoyo.
Alfajiri nitapanda juu na magunia na mpira,
nitaimwagilia slabu bila mstari, bila chupa,
asubuhi na jioni, siku saba,
hadi yachuruzike ukutani
na jirani alalamikie nguo zake kwenye kamba.

Kitwana alikuwa anafunga kamba za viatu.
"Kesho nije nikusaidie kubeba?"
Nikamwambia aje na ndoo yake.
Ile ile.
Aijaze hadi mdomoni.