Kundi la Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, misonobari ya Hessen bado imelaliwa na theluji,
Dietlind anawasha taa za maabara
na panya themanini wanageuza pua.

Kundi la kwanza linakula chakula kitupu.
La pili, chakula chenye unga wa njano,
ule uliobaki ardhini tangu mabomu ya vita vile.
La tatu, unga mweupe, mdogo wake wa njano, mwenye hasira zaidi.
Dozi ni haba. Kila unga, peke yake,
haukumfanya panya hata apige chafya.

La nne limepewa vyote viwili.

Siku ya sita: mkojo umekolea kama chai ya rangi.
Siku ya tisa: manyoya yamesimama.
Ya kumi na moja, namba sitini na tatu akaanza kutetemeka,
sharubu kwanza, kisha mabega,
kisha kizimba kizima kikalia kama sahani mkononi mwa mlevi.
Nilimshika hadi alipotulia.
Hakutulia kwa sababu yangu.

Bandama tuliikuta nyeusi, imevimba.
Dietlind akaiweka kwenye mizani, akasoma, akaiondoa,
akaiweka tena.
"Mizani haijakosea," nikamwambia.
"Najua. Naipa nafasi ya kubadili mawazo."

Bibi yake alijaza mabomu humu humu msituni
akiwa na miaka kumi na tisa.
Nywele zikageuka shaba, viganja njano,
hata foronya ya mto wake njano.
Wakampa nusu lita ya maziwa kwa siku, eti dawa.
Hakuna aliyeuliza
mle vumbini mlichanganyika nini na nini.

Kisima cha shamba lake bado kinatoa maji;
wapangaji wana watoto watatu.
Wapimaji walikuja na chupa zao:
wa njano, chini ya kiwango. Mweupe, chini ya kiwango.
Salama. Salama.
Wakanywa kahawa, wakaondoka.

Haba na haba hujaza kibaba, husemwa.
Hiki hakikujaa.
Kilipasuka kikiwa nusu.

Fomu ya ripoti ina safu moja kwa kila sumu,
ya pamoja haimo.
Dietlind ameomba rula yangu.
Anachora mstari mpya, taratibu, kwa penseli,
pale pale mkubwa wetu anapotia sahihi.