Bawaba

Zabuni ilisema: nguzo mia nne, paneli mia mbili,
chuma cha inchi mbili, rangi ya kuzuia kutu,
zifike mpakani kabla ya mfungo.
Nikatia sahihi. Karakana yangu hapa Magongo
inadaiwa kodi ya miezi mitatu,
na mie si malaika.

Aliyezichomelea ni Faki Makame,
mkono mtulivu kuliko yote ng'ambo hii ya Makupa.
Mamake alivuka kutoka Pemba na mimba ya miezi saba,
akamzaa Mtongwe, nyumba ya tatu kutoka msikitini.
Ana miaka hamsini na mmoja.
Hana kitambulisho.

Alikwenda Uhuru na Kazi mara tisa.
Dirisha la kwanza: lete cheti cha babu.
Dirisha la pili: babu alizikwa wapi?
Dirisha la tatu limefungwa, wamekwenda kula.
Mara ya tisa kijana mmoja, ndevu hazijamkaa,
akamsikiliza anavyotamka, akacheka:
"Mzee, wewe ni wa kule."
Kule. Ndiyo anwani aliyopewa na serikali.

Basi mie nimekaa na daftari la hesabu,
yeye ameinama ndani ya cheche zake,
nikawaza: ukuta wenyewe hauko huko mchangani.
Uko kwenye foleni. Una vioo. Una saa ya chai.

Msinielewe vibaya. Nauza mageti.
Najua kwa nini mtu hulala amekwisha funga.
Shemeji yangu Bwanamkuu alipokatwa mguu na mlipuko
mie ndiye niliyemfunga kanga, mie ndiye niliyeifua,
na doa halikutoka.
Lakini aliyetega kile kitu alizaliwa mtaa wa pili,
kadi yake mpya mfukoni, picha imetoka vizuri.
Nguzo zangu mia nne zingemzuia wapi?

Na tazama barabarani. Usiku kucha makontena
yanapanda kutoka bandarini, viatu, matairi, mafriji,
na hakuna anayeuliza
babu wa friji alizikwa wapi.

Wareno nao walijenga, pale Mji wa Kale,
kuta nene kama chumba changu cha kulala.
Leo wajukuu zao tunawatoza kiingilio mlangoni
kisha tunawauzia madafu.
Sijui kama huo ni ushindi. Nadhani ni biashara.

Rai yangu ni ya muuza mageti, ichukueni kwa bei hiyo:
nchi iwe na mlango, naam, na komeo,
na mtu wa kukaa pale usiku
anayejua kusema "hujambo" kabla ya "wewe nani."
Nikipewa zabuni hiyo nitaifanya kwa hasara.
Lakini kitu kisichofunguka,
hata ukipake rangi zote za bendera,
sisi huku hatukiiti mlango.

Siku ya malipo wakataka nambari ya kitambulisho ya kila fundi.
Nikaandika ya mwanangu, aliyeko Doha
akilinda mlango wa watu kwa mkataba wa miaka miwili.
Faki akahesabu noti, akazitia kwenye soksi.

Lori likipakiwa, nikaona paneli moja,
ya mia na kitu, ina bawaba mbili ubavuni,
zimenyooka, zimetiwa mafuta, hazina mwenza.
"Na hizi?"
Akazitazama kama mtu aliyeamshwa.
"Mazoea ya mkono, Bi Tatu."

Mashine ya kukatia ilikuwa karibu, na umeme ulikuwepo.
Sikusema kitu. Nikahesabu: mia mbili, sawa,
nikamwashiria dereva aende.